Nightfall in Middle-Earth: utenzi wa Wajerumani kwenye sabufa ya Mtwara

Albamu hii ya bendi ya Blind Guardian ina vipande 22. Mtu akiipakua, akaacha simu ichanganye nyimbo yenyewe, akaegemea kiti cha basi pale stendi ya Mkanaledi, atadhani ameuziwa kanyaboya: sekunde ishirini na kitu za mtu anayezungumza, gitaa zinalipuka, mazungumzo tena, halafu piano ya msibani. Mali si mbovu, imevurugwa tu. Nyimbo kamili ni 11. Vilivyobaki 11 ni viunganishi vya kusimulia, vingi havifiki hata dakika 1, na vingi vimeshonwa moja kwa moja kwenye wimbo unaofuata. Zima kuchanganya, zima na ule mpangilio wa kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, uisikilize ilivyopangwa. Yote ni kama dakika 65. Ukiianza basi likitoka Mtwara, itaisha kabla hujaiona Lindi.

Blind Guardian ni bendi ya Krefeld, Ujerumani. Walianza 1984 kwa jina la Lucifer's Heritage, wakabadili jina kabla ya kutoa albamu ya kwanza mwaka 1988. Hii ya 1998 ni ya sita. Hansi Kürsch anaimba, André Olbrich anapiga gitaa la solo, Marcus Siepen gitaa la ridhimu, Thomas Stauch dramu. Zamani Kürsch alikuwa akiimba huku besi iko begani; hapa ameiachia besi kwa Oliver Holzwarth, na masikio yanalijua hilo mapema. Sauti inapanda, inakwaruza, inashuka hadi kunong'ona, halafu inarudi ikiwa imejirudufu mara nyingi juu yake yenyewe, na nyuma yake kuna waitikiaji, mpaka kiitikio kinakuwa kama kijiji kizima kimesimama.

Aina hii ya muziki inaitwa pawa metali: hevi metali, yaani roki nzito ya magitaa, yenye kasi, yenye melodia za kuimbika, na yenye kupenda mapanga, wafalme na majoka. Aliyekulia kwenye singeli, inayopita mapigo 200 kwa dakika bila haya, hatatishwa na mwendo. Kitakachomchosha ni wingi. Wakati mmoja kuna gitaa mbili zinazosema maneno tofauti, dramu ya miguu miwili, kinanda, waimbaji wa nyuma na mwimbaji wa mbele, na hakuna anayempisha mwenzake. Ipe mara tatu. Mara ya kwanza ni kelele, ya pili unaanza kushika viitikio, ya tatu unalisikia gitaa la Olbrich likiimba ubeti wake pembeni kama mtu wa pili katika kujibizana.

Kisa chote kimetoka kwenye The Silmarillion ya J.R.R. Tolkien, kitabu kilichochapishwa 1977, miaka minne baada ya yeye kufariki, kikihaririwa na mwanawe Christopher. Bila kisa hiki albamu haiingiliki, kwa hiyo beba angalau haya. Fëanor, fundi wa Waelfi (watu wa kubuniwa wasiozeeka), anatengeneza vito vitatu vyenye nuru ya miti miwili mitakatifu. Morgoth, adui mkuu, anaiua miti hiyo akisaidiwa na buibui jike Ungoliant, anamuua mfalme Finwë, baba yake Fëanor, anatoroka na vito. Fëanor na wanawe saba wanakula kiapo cha kuvirudisha kwa gharama yoyote. Kiapo hicho ndicho kinachowamaliza, wao na waliowafuata.

Sasa pitia nyimbo. "Into the Storm" ni mwizi na buibui wake njiani, wakikaribia kugombania mali. "Nightfall" ni maombolezo ya Finwë na ya miti, inaanza kwa gitaa kavu na filimbi kabla ya uzito kuingia. "Blood Tears" ni Maedhros aliyetundikwa kwenye jabali kwa mkono mmoja, hadi rafiki yake alipomwokoa kwa kuukata mkono wenyewe. "Noldor", karibu dakika 7, ni watu wanaovuka bahari ya barafu kwa miguu. "Mirror Mirror" ni ujenzi wa mji wa siri, Gondolin, na ndiyo yenye kiitikio chepesi kuliko zote kushika.

Tahadhari: mpangilio haufuati miaka ya kisa. Kipande cha 1 ni vita vya mwisho kabisa, na mengine yote ni kurudi nyuma. "Blood Tears" ni kipande cha 8 na "Noldor" ni cha 11, ilhali katika kitabu barafu inasimuliwa kwanza, jabali linafuata. Anayejaribu kukijua kisa kwa kusikiliza tu atapotea hapo, na si kosa lake.

Kwa msikilizaji wa pwani njia rahisi ya kuishika albamu hii ni kuichukulia kama utenzi. Utenzi wa Tambuka, wa mwaka 1728 kutoka Pate, unasimulia vita vya nchi ya mbali ambayo wasikilizaji wake wengi hawakuwahi kuitia mguu, na haukuwahi kuhitaji kuomba radhi kwa hilo. Wasikilizaji walivijua visa kabla mghani hajafungua kinywa. Walichokuja kusikia ni namna anavyovisema. Hivi ndivyo Kürsch anavyofanya kazi. Haelezi, anaingia ndani ya mtu. Ukisikia "mimi", jiulize ni nani anasema: Morgoth, wafalme wa Waelfi Fingolfin na Finrod, au mwingine.

Mfano mzuri kuliko yote ni "Time Stands Still (At the Iron Hill)", kipande cha 13. Fingolfin, mfalme wa Wanoldor, kabila mojawapo la Waelfi, ameona watu wake wameunguzwa. Anapanda farasi peke yake hadi mlangoni mwa ngome ya Morgoth, anagonga, anamwita atoke nje. Katika kitabu anamjeruhi mara saba, anaangushwa, na kabla ya kukata roho anamtia jeraha la mguu. Wimbo hauna hata dakika 5. Beti zimebanwa, maneno yanakimbizana kama pumzi za mtu anayepigana, kisha kiitikio kinafunguka ghafla, sauti zinatanda, mwendo kama umesimama, jambo ambalo jina la wimbo lilishakuahidi. Halafu dramu inakurudisha vitani bila kukuuliza. Kama una nafasi ya wimbo mmoja tu wa kumpa mtu anayebisha kwamba metali ni makelele, mpe huu, na mhadithie mambo ya mlangoni kwanza.

Lugha sasa. Wajerumani wanne wanaimba Kiingereza, lugha ambayo si ya mama zao, kuhusu kisa cha profesa Mwingereza. Hilo halipaswi kumshangaza mtu wa kusini. Mwanamuziki wa Tandahimba anayelala na kuamka na Kimakonde akiingia studio anaimba Kiswahili, kwa sababu anataka asikike Dar na Mwanza. Kürsch naye anataka asikike Japani na Brazili. Na lafudhi haifichiki: kama vile Mmakonde wa Newala anavyosema Kiswahili safi na bado "mtu" ikatoka "ntu", ndivyo Ujerumani unavyochungulia kwenye konsonanti za Kürsch. Kwa muziki huu ni faida. Anayakata maneno, na maneno yaliyokatwa yanakaa vizuri juu ya dramu ya kasi. Ipo njia nyingine. Mägo de Oz wa Madrid wanaimba aina hii hii kwa Kihispania na hawajafa njaa. Ila kwa kisa hiki Kiingereza kilikuwa chaguo sahihi, maana majina yote yameshazaliwa kwenye kitabu cha Kiingereza.

Majina hayo, lakini, si Kiingereza. Tolkien aliwatungia Waelfi lugha, mojawapo akiifuatisha sauti za Kifini na nyingine za Kiwelisi, na hapa msomaji wa Kiswahili anampita Mwingereza kwa urahisi. Irabu soma kama zetu: a, e, i, o, u. Herufi c daima ni k. Dh ni ile ya dhahabu, th ni ile ya thelathini, na Mwingereza ndiye anayezichanganya kwa sababu kwake zote zinaandikwa th. Zile nukta mbili juu ya ë zinamkumbusha tu asiimeze irabu, jambo ambalo sisi hatufanyi. Fëanor ni Fe-a-nor. Finwë ni Finwe. Maedhros ni kama Mai-dhros. Helcaraxë, ile bahari ya barafu, ni Helkarakse. Fungua maneno ya nyimbo kwenye simu, soma majina hivi, na nusu ya kinachoonekana kigumu kitaondoka.

Kichekesho kidogo cha kando: Wajerumani wanaazima majoka kwa Mwingereza, ilhali la kwao la kweli walilichukua kwetu. Mifupa ya dainosaria wa Tendaguru, Lindi, ilichimbwa 1909 hadi 1913, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandarini, na mjusi mmoja leo amesimama Berlin akiwa na urefu wa mita 13 na ushei kwenda juu. Bado hajaimbiwa albamu ya namna hii.

Kwenye vifaa, hapa ndipo wengi wanaharibu. Msimu wa korosho ukiiva, sabufa mpya zinaingia majumbani, na zote zinatoka dukani besi ikiwa juu. Kwa bongo fleva sawa. Kwa albamu hii ni uji. Sababu ni hesabu tu: dramu ya mguu mara nyingi inapigwa mara 4 ndani ya pigo moja, kwa hiyo wimbo wa mapigo 160 kwa dakika una vishindo zaidi ya 10 kwa sekunde. Boksi la sabufa lenye tundu linaendelea kuvuma baada ya kila kishindo. Kabla halijatulia, cha pili kimefika, cha tatu kimefika, unabaki na mngurumo mmoja mrefu uliomeza gitaa. Shusha besi hadi robo. Kama kuna vidhibiti vya masafa, punguza kati ya hezi 60 na 120, ongeza kidogo kati ya 1,000 na 3,000, ambako sauti ya Kürsch na gitaa la solo zinakaa. Toa sabufa kwenye kona ya chumba, maana kona inaongeza besi bure, na zile spika ndogo mbili zipandishe usawa wa masikio, usiziache sakafuni. Spika moja ya blututhi haifai sana: gitaa zimegawanywa kushoto na kulia, ikizirundika mahali pamoja huwezi kujua nani anasema nini. Hedifoni ya waya ya kawaida inaishinda.

Faili za kiwango cha kilobiti 320 kwa sekunde zitakula kama MB 156 za bando, za 128 kama MB 62. Usibane hapa. Kwenye 128 matoazi yanageuka kuwa sauti ya maji na waitikiaji wanakuwa ukungu, na waitikiaji ndio nusu ya unachokilipia.

Fleshi ina fitina yake. Simu na redio zinazopanga kwa jina, kama namba hazina sifuri mbele, zitakuchezea 1, 10, 11, hadi 19, ndipo 2. Yaani kutoka vita vya mwisho unarukia barafu, vito vyenyewe havijaibiwa. Andika 01, 02, 03 hadi 22. Sabufa na redio nyingi za bei nafuu hazisomi hata majina, zinafuata mafaili yalivyotangulia kunakiliwa, kwa hiyo fomati fleshi kwa FAT32, kisha nakili faili moja moja kwa mpangilio, na usichanganye na folda nyingine.

Lawama zipo. Viunganishi vya kuzungumza vinamfaa anayeshika Kiingereza cha tamthilia. Asiyekishika atavipenda mara mbili za kwanza, ya tatu atavirukisha, na akivirukisha baadhi ya nyimbo zinaanza kama zimekatwa shingo. Namba 19 na 20 ni viunganishi viwili mfululizo, palepale ambapo albamu ilihitaji kusukuma. "Thorn" ni nzito na ndefu kuliko inavyostahili. Na miksi imejaa mno: mahali ambapo chombo kimoja kingetosha wameweka vinne, na besi ya Holzwarth, mpigaji mzuri, mara nyingi unaisikia kwa kuitafuta.

Dawa ya wingi huo wameiweka wenyewe kwenye namba 16. "The Eldar" ni piano na sauti kwa sehemu kubwa, Finrod akiaga dunia. Hakuna mbio wala dramu ya miguu miwili. Asiyejua neno la Kiingereza anajua hapa mtu anaagwa. Ichezwe usiku, sauti ya chini.

Ukinunua, tazama toleo. Lile lililosafishwa upya 2007 lina wimbo wa nyongeza, "Harvest of Sorrow", unaomhusu Túrin, mtu aliyelaaniwa pamoja na ukoo wake. Unakuwa kipande cha 23, baada ya msimulizi kufunga. Ni wa taratibu, wa gitaa kavu, na ndio pekee kwenye orodha nzima usiopoteza kitu ukipigwa kwa spika ya simu kibarazani.