Filta ya hewa ya wazi kwenye Subaru Impreza WRX: mluzi mwingi, nguvu kiduchu

Nimeifunga mwenyewe nyumbani kwa spana na bisibisi. Boksi la plastiki la filta ya kiwandani lilitoka bila ubishi. Sauti? Ukikanyaga mafuta, turbo inapiga mluzi hadi majirani wanachungulia. Nguvu sijaisikia. Filta imekaa wazi chini ya boneti, kwa hiyo kwenye foleni ya Thika Road inavuta joto la injini, ilhali boksi la Subaru huchukua hewa ya nje. Kibati cha kukinga joto nilichotengenezewa Kirinyaga Road kimesaidia kidogo. Ukiiosha filta na kuipaka tena mafuta yake, usiilowanishe kupita kiasi, yanachafua sensa ya hewa. Anayetaka kitu cha maana anunue filta bapa ya pamba inayoingia kwenye boksi lilelile. Nyota tatu, mbili za mluzi.