Kipima hewa cha ndani: namba safi, taa ya kijani siiamini (nyota 3 kati ya 5)

Huu mwezi wa nne niko na hiki kidude, nimekiweka juu ya kabati chumbani, sikutaka kuandika wiki ya kwanza maana wiki ya kwanza kila kipya ni kizuri. Kinapima vumbi laini la PM2.5, gesi ya NO2 (ya moshi wa magari na majiko ya gesi), CO2 (ile tunayoitoa tukipumua), joto, unyevu na kelele, afu vyote hivyo kinavigeuza taa moja: kijani, njano, nyekundu. Hiyo taa ndo iliyonishawishi kununua na hiyo taa ndo inayonikera.

Kupima kinapima vizuri, sikidhulumu. Ukikaanga kitu mlango wa jikoni ukiwa wazi, dakika mbili haziishi namba ya vumbi inaruka 9, 30, 80, na kama jiko ni la gesi NO2 nayo inafuata nyuma taratibu, zima jiko fungua dirisha unaziona zinashuka. Kuseti waifai rahisi, chaji inakaa.

Sasa shida. Kuna siku wastani wa saa 24 ulikuwa PM2.5 mikrogramu 12 na NO2 mikrogramu 20 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa, joto chumbani nyuzi 31, usiku mzima magari yananguruma nje, kichwa kizito, kifua kinakwaruza, na taa kijaaani. Nikachukua kalkuleta. Kikomo cha WHO (Shirika la Afya Duniani) cha mwaka 2021 kwa siku ni 15 kwa PM2.5 na 25 kwa NO2, kwa hiyo 12 gawa kwa 15 ni 0.8, na 20 gawa kwa 25 ni 0.8 tena. Kila mmoja peke yake kapita mtihani. Ila wote wawili wanaenda kwenye mapafu yaleyale, ukijumlisha ni 1.6, na kwa hesabu hii wanayotumia wataalamu ikishavuka 1 unatakiwa ushtuke (ni hesabu ya kukadiria tu, sio kwamba lazima utaugua). Na hapo sijagusa joto wala kukosa usingizi, ambavyo havijumlishiki kirahisi hivyo.

Nikawaandikia waliotengeneza, jibu likawa "alama yetu inazingatia viashiria vyote". Haya. Nikaenda kusoma kijitabu, ukurasa wa mwisho kwa maandishi ya kisisimizi: taa inafuata kipimo kimoja kilicho kibaya zaidi. Yaani vingine vyote vinatupwa! AQI ya Marekani (alama yao ya ubora wa hewa) nayo inafanya hivyohivyo, ila Kanada wana kipimo kinachochanganya PM2.5, NO2 na ozoni kwa pamoja, kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Na kuna wakati hata kujumlisha hakutoshi. Utafiti wa Hammond na wenzake wa 1979 kwa wafanyakazi wa asbesto (madini ya nyuzinyuzi), ukilinganisha na asiyegusa asbesto wala sigara: asbesto peke yake vifo vya saratani ya mapafu kama mara 5, sigara peke yake kama mara 11, vyote pamoja kama mara 53. Jumlisha 5 na 11 uone kama unafika huko.

Kero nyingine, apu haiulizi nani analala humo ndani. Mtoto mchanga anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake, mwenye pumu naye ana yake, ila wote wanapewa kijani ileile. Afu ushauri wake jamani, saa nne usiku inaniambia fungua dirisha CO2 imepanda, nafungua, saa nne na robo funga dirisha vumbi limeingia, na makelele ya barabarani ndo kwanza yamekolea. Nikae wapi sasa?

Sikirudishi, namba zake nazihitaji na hesabu nitaendelea kupiga mwenyewe. Ila taa nimeibandika selotepu nyeusi.