Vyakula vya nazi vya Kifilipino: uode nini, uache nini (kwa sisi tuliokulia kwenye tui)

Mi mtu wa Tanga, tui nimelijua kabla ya kujua kusoma, kwa hiyo nilivyofika Los Baños, Ufilipino, kwa kozi ya mpunga pale IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, nikajiambia kwenye msosi wa nazi hawa watu hawana cha kunifundisha. Wikiendi moja tukapanda basi la usiku kwenda Legazpi, huko mkoa wa Bicol kwenye mlima Mayon, maana kila Mfilipino ukimuuliza nazi anakutajia Bicol. Mchana tukaingia kwa mama ntilie, wao wanaita karinderya, sufuria zimepangwa mbele we kazi yako kunyoosha kidole. Nikaonyesha laing, majani ya magimbi. Imefika mezani naangalia pembeni ya sahani mafuta yanaelea, tui limekatika vibaya sana, kwetu bi harusi akipeleka mchuzi umekatika vile ukweni anasemwa mpaka ajifungue. Nikamwambia manay (ndo wanavyomwita dada mkubwa kule), manay hili tui limekatika. Akacheka, akawaita wa jikoni waje kunitazama.

Kumbe ndo penyewe. Sisi tunakoroga tui lisikatike, wao laing wanaiacha motoni taratibu mpaka tui likauke litoe mafuta yake, na jani linakunywa yale mafuta. Nikaonja. Nikaongeza wali mara mbili, sina la kusema.

Kwa hiyo kabla hujaangalia menyu angalia tui, jina la mgahawa halikusaidii. Kwenye laing na pilipili za nazi unataka uone mafuta. Ukikuta mchuzi mweupe mzito unang'aa kama uji na hauna hata tone la mafuta, hapo kuna unga umetiwa au ni tui la kopo limepashwa tu, na utalipa bei ileile. Kwenye mboga za maji maji kama boga au samaki, tui linatakiwa libaki laini, hapo likikatika ni uzembe kama kwetu. Halafu muda: nenda saa sita, saa saba mchana. Joto lile tui linachacha haraka, na sufuria ya boga iliyokaa toka asubuhi mpaka jioni mi siigusi. Laing ya jioni haina shida sana, wengine wanasema ya kesho yake ndo tamu na mi nakubaliana nao.

Bei nilizokuwa nalipa mimi: karinderya sahani moja ya kitoweo kama peso 70 mpaka 100, wali unalipia pembeni. Mgahawa wa viti na kiyoyozi mara tatu mpaka nne ya hapo, ila sahani ni ya kula wawili. Na wali ni mweupe mtupu jamani, usikae unasubiri wali wa nazi, nazi yote imeingia kwenye kitoweo.

Sasa kwa mpangilio wangu.

Namba moja laing, hiyo haina mjadala. Aliyekula kisamvu cha nazi ataielewa kwa tonge la kwanza, tofauti ni kwamba jani la gimbi linakaushwa kwanza, halafu kuna pilipili kichaa na uduvi waliochachushwa na chumvi, wanaita balaw, unanukia ngalawa kabisa. Ikikuwasha koo ujue jani halikuiva, acha hapohapo usijikaze kiume. Wapishi wa kule wanakwambia usikoroge kabla jani halijalainika. Ukiwa Bicol kwenyewe tafuta pinangat, ndugu yake, majani yamefungwa kama kifurushi na kujazwa ndani, mji wa Camalig ndo wenye sifa nayo. Kifurushi kimoja na wali kinatosha mtu mzima.

Ila sikiliza, na hii ni kwa wote mnaokula halali: laing nyingi zina vipande vya nguruwe, vidogo, havionekani, na neno mboga kwenye menyu halikulindi. Uliza "May baboy po ba?" yaani kuna nguruwe humu, hiyo po ni neno lao la heshima, kama shikamoo yetu, usiiache, watu wanakujibu vizuri zaidi. Mi niliuliza kila mahali mpaka wenzangu wakanipachika jina la baboy.

Namba mbili kinunot. Hii ni papa au taa, amechambuliwa nyama imekuwa nyuzinyuzi, anapikwa na tui, siki kidogo na majani ya mlonge. Ndio, mlonge huuhuu, wao wanaita malunggay na upo kwenye supu kila nyumba. Mtu wa papa wa nazi hapa kafika nyumbani. Sijaipa namba moja kwa sababu nje ya Bicol huikuti kirahisi, na samaki akiwa sio freshi harufu yake inamaliza hamu ya wiki nzima.

Namba tatu, na ndo ya mwenye hela ndogo, ni boga na kunde ndefu za kijani kwenye tui, ginataang kalabasa at sitaw. Mara nyingi inawekwa kamba. Rahisi, haina pilipili, mtoto anakula, na karinderya karibu zote wanayo.

Kama unataka halali bila maswali ruka hayo yote uende Quiapo, Manila, mitaa ya jirani na Msikiti wa Dhahabu, ule uliojengwa 1976. Kule kuna vibanda vya Wamaranao, Waislamu kutoka kisiwa cha Mindanao kusini. Oda piaparan, kuku wa tui na nazi ya kukunwa, manjano na palapa, ambayo ni kitunguu chao chembamba kilichotwangwa na tangawizi na pilipili. Mi kwa ladha naiweka sawa na laing, nimeitenga tu kwa sababu ni safari nyingine.

Bicol Express naiweka chini, najua kuna watu watanuna. Ni nguruwe na pilipili ndefu za kijani kwenye tui, na jina lenyewe lilizaliwa Manila, limetoka kwenye treni ya kwenda Bicol. Bicol wenyewe pilipili yao ya tui wanaiita gulay na lada. Mgahawa wa watalii unakuuzia jina. Ukiikuta ya samaki au kuku sawa, jaribu, ila usiifanye ndo sababu ya kwenda.

Na ya kuruka kabisa kwangu ni kuhol, konokono wa tui. Wengine wanawasifia, lakini mi mchana kutwa shambani nafundishwa namna ya kumuua konokono anayetafuna mpunga, jioni niletewe ndugu yake kwenye bakuli? Hapana.

Acha nafasi ya bilo-bilo, visiwa vya katikati, Visayas, wanaiita binignit na wanaipika sana Ijumaa Kuu. Viazi vitamu, ndizi, magimbi, sago, tui na sukari, yaani ni futari ya sukari imebadilisha jina. Saa kumi jioni inauzwa kwa kikombe pembeni ya barabara. Chukua ya moto.