Sensa za betri zisizo na waya: Ajax dhidi ya seti za bei poa za 433

Karibuni tena. Hapa mezani nina sensa mbili za mwendo za alamu ya nyumba, yaani vifaa vinavyogundua mtu akipita. Hii nyeupe ni Ajax MotionProtect, ya kampuni iliyoanzishwa Kyiv, Ukraine, mwaka 2011. Hii nyingine haina jina la maana. Ni ile inayokuja kwenye seti za megahezi 433, yaani masafa ya redio zinayotumia, zilizojaa Kariakoo: kisanduku cha laini ya simu, king'ora, rimoti, sensa kadhaa. Zote mbili zinakaa ukutani kwa betri, huvuti waya hata mmoja. Tofauti yao kubwa huwezi kuiona hapa kwenye kamera, na ndiyo iliyonifanya nirekodi video hii.

Hii ya 433 inajua kusema tu, kusikiliza haijui. Ikimwona mtu inarusha hewani kodi yake, yaani namba ya kujitambulisha, kisha inalala. Kisanduku hakina namna ya kuiuliza kama bado ipo. Betri ikiisha, au mtu akiing'oa mchana wakati alamu imezimwa, kisanduku kinaendelea kukuonyesha kwamba nyumba iko shwari. Kwake, sensa iliyokufa na nyumba isiyo na mwizi ni kitu kilekile. Ndiyo, nyingi zina kitaa kinachomweka betri inapodhoofika. Sasa jamani, nani anakaa kutazama kitaa cha juu ya kabati? Na kodi yenyewe mara nyingi haibadiliki, kwa hiyo mwenye kifaa cha kunasa mawimbi anaweza kurekodi ile ya rimoti yako akairudia akiwa nje ya geti.

Ajax inaongea na habu, yaani kisanduku chake kikuu, pande zote mbili. Kila baada ya muda fulani sensa inaripoti, na muda huo unaupanga mwenyewe kwenye programu ya simu, kuanzia sekunde 12 hadi 300. Ukiufupisha, sensa ikipotea utajua mapema, ila betri nayo italiwa haraka. Mimi siuweki wa chini kabisa. Simuni unaona betri imebaki kiasi gani, mawimbi yana nguvu kiasi gani, kifuniko kimefunguliwa au la, hata jotoridi la chumba.

Joto hilo msilipuuze. Sensa hizi hazioni sura ya mtu, zinaona joto la mwili likihama mbele ya ukuta wenye joto tofauti. Mchana wa Februari hapa Dar, ukuta ukikaribia joto la ngozi yako, kazi inakuwa ngumu kwa sensa yoyote, ya bei yoyote. Na kama nyumba haina dari, usiifunge jirani na bati. Juu kule saa nane mchana inapita nyuzi 40 kirahisi, na huko sensa nyingi za ndani hazijatengenezwa kuishi.

Ifunge pembeni ya chumba, kimo cha mita 2.4 kwa hii Ajax, mahali ambapo mwizi atakatiza mbele yake. Anayekuja moja kwa moja kuielekea huchelewa kuonekana. Usiielekeze kwenye dirisha lenye jua na pazia linalopeperushwa na feni. Halafu kuna adui ambaye karatasi ya maelekezo haimtaji: mjusi kafiri. MotionProtect imepangwa isimjali mnyama wa hadi kilo 20, lakini mjusi akipita juu ya kioo chenyewe, kwa sensa anakuwa mkubwa kuliko mbwa. Iweke mbali na taa, maana wadudu wanafuata taa na mjusi anafuata wadudu. Tundu la nyuma ya sensa lizibe kwa silikoni.

Mlangoni unatumia sensa ya sumaku, na mambo ni mepesi, isipokuwa kwa milango yetu ya chuma. Chuma kinainyonya sumaku nguvu. Weka kipande cha plastiki au mbao chini ya sumaku, na mwanya usizidi sentimita moja. DoorProtect ya Ajax inakuja na sumaku mbili, tumia kubwa.

Kabla ya kutoboa ukuta, shika sensa kwa mkono palepale unapotaka iwe, upime mawimbi. Ajax ina kipimo chake ndani ya programu. Kwa 433 kipimo ni miguu yako: pita mbele, sikiliza king'ora. Ila ikikuona mara moja, nyingi zinalala dakika kadhaa kuokoa betri. Watu wanapita mara ya pili, kimya, wanairudisha dukani wakidhani mbovu. Fungua kifuniko, tafuta kipini cha majaribio ili isilale unapoipima.

Hukumu yangu? Kama unalala hapohapo nyumbani na uko tayari kuzijaribu sensa zote kila Jumapili, seti ya 433 inatosha, pesa inayobaki tengeneza nondo za madirisha. Kama unasafiri au nyumba unaiachia shamba boy, lipia Ajax. Ni ghali, na habu yake haipokei sensa zako za zamani za 433, kwa hiyo unaanza upya.

Kuna swali mnaniuliza sana: je, naweza kuweka betri za kuchaji? Ajax hii inatumia CR123A, lithiamu ya volti 3 isiyochajiwa. Kuna za kuchaji za umbo lilelile kabisa, lakini nyingi zikijaa zinafika volti 4.2, na hiyo inaweza kuiunguza sensa. Usiweke. Na CR123A haishuki taratibu, inashikilia volti zake kisha inaporomoka ghafla, kwa hiyo onyo likija kwenye simu usisubiri mwisho wa mwezi. Kuvua kifuniko kutatuma taarifa hata alamu ikiwa imezimwa, basi waambie wenzako nyumbani kabla hujapanda ngazi.