Gari la Rubens lina omo na tezi

Mimi ni fundi wa kuunda mashua. Kwenye maonyesho haya ya mchoraji Rubens huko Antwerp, Ubelgiji, nilipelekwa na mpwa wangu anayesoma sanaa, nami nilikubali ili nisimvunje moyo. Saa ya kufunga yeye ndiye aliyenivuta mkono.

Kinachoonyeshwa hasa ni ubao mmoja, kimo chake mita moja hivi na upana sentimita 70 na kitu, uliochorwa na Peter Paul Rubens mwaka 1638. Juni ya mwaka huo majeshi ya Kardinali-Infante Ferdinand, nduguye mfalme wa Hispania, yaliwapiga Waholanzi pale Kallo, ng'ambo ya mto Scheldt, karibu kabisa na mji wa Antwerp, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Hispania. Haukupita muda, Wafaransa nao wakashindwa kuuteka mji wa Saint-Omer. Wakuu wa Antwerp wakataka gari la ushindi lipitishwe mitaani kwenye maandamano ya mji, na kulibuni akapewa Rubens, ambaye wakati huo jongo lilikuwa linamtesa.

"Mjomba, huu ni wa awali tu, haujamalizika," mpwa wangu akaniambia. Alikuwa anaona rangi ya kahawia iliyopakwa haraka, na rangi nyingine kidogo hapa na pale. Nikamwambia umemalizika zamani. Mpe fundi ubao huu, kesho asubuhi utasikia msumeno.

Maana gari lenyewe ni chombo! Lina omo mbele, lina tezi nyuma, ila chini yamefungwa magurudumu. Penye mlingoti pamesimama nguzo iliyovalishwa silaha za walioshindwa, deraya, ngao, kofia za chuma, na chini yake wamekaa mateka waliofungwa. Kuna wanawake wenye mabawa, ndio Ushindi. Nilisimama hapo nikipiga hesabu. Nguzo ndefu vile, watu juu yake, barabara ya mawe: likipinda kona litabaki wima? Chombo cha baharini tunakitilia farumi, uzito wa chini wa kukizuia kisipinduke. Hiki je? Rubens kaacha sehemu ya chini iwe pana na nzito, kwa hiyo naamini alilifikiria.

Hapo ndipo maonyesho yanaponiudhi. Maelezo ukutani yanamsimulia Ferdinand mpaka unamchoka, lakini maseremala hawana hata mstari mmoja. Kama wangechora sakafuni ukubwa wa gari kwa chaki tu, kila mtu angeelewa. Kioo nacho kinarudisha mwanga wa taa. Niliitazama sura yangu kuliko ile nguzo, mpaka nilipogundua kwamba ukisimama upande wa kushoto na kuinama kidogo, unaona vizuri.

Chumba cha pili nilidhani ni cha kujazia nafasi, kumbe sivyo. Kinahusu mapokezi ya Ferdinand mjini humo Aprili 1635, ambapo Rubens alibuni matao na majukwaa ya mbao na turubai. Jukwaa mojawapo linamwonyesha Mercury, mungu wa biashara, akiuhama mji, kwa sababu Waholanzi walikuwa wameufunga mto. Hebu fikiria, mgeni wa heshima anafika na wenyeji wanamwekea malalamiko yao njiani, tena yamepakwa rangi! Nilicheka kwa sauti, watu wakageuka.

Kitabu cha mapokezi hayo kilitoka baada ya Rubens kufariki Mei 1640, na humo gari la Kallo limechapwa kwa mkono wa mchoraji Theodoor van Thulden. Ni safi, limenyooka, kila kitu mahali pake. Mpwa wangu kalipenda hilo zaidi. Mimi nabaki na ubao.

Nendeni mapema, anzeni na chumba cha pili. Mimi nilichora magurudumu nyuma ya tiketi, na mpwa wangu anadai nimeyakosea. Alhamisi tunarudi kuyatazama tena.