Vietnam kwa mabegi ya mgongoni: treni au basi la vitanda?

Ninyi wawili mnaokwenda fungate: kutoka Hanoi, mji mkuu, hadi Hue, mji wa katikati mwa nchi, ni usiku mzima, kwa treni au kwa basi. Basi la vitanda huwa nafuu, ila lina masharti: viatu mnavua mlangoni, mnapewa mfuko wa plastiki wa kuvitia, kisha kila mmoja anajipenyeza kwenye kitanda chake kama shati kwenye droo. Mwenye miguu mirefu ataisoma namba. Na fungate ya kunong'onezana kuvuka ujia wa katikati, sijui!

Treni ina vyumba vya vitanda sita na vya vitanda vinne. Chukueni vya vinne, kitanda cha chini na cha juu yake. Wageni wawili mtalala nao, ndiyo, lakini mtanyoosha mgongo.

Kipande kitamu ni Hue hadi Da Nang, jiji la pwani linalofuata, nacho kipandeni treni, tena mchana. Treni inajikunja polepole ubavuni mwa mlima wa Hai Van, bahari iko chini yenu. Mabasi mengi hupita kwenye handaki la zaidi ya kilomita 6, mkaambulia taa na ukuta.

Mkielekea mji wa kale wa Hoi An, hauna stesheni ya treni. Shukeni Da Nang, zimebaki kilomita 30 hivi.