Kidole kilichogoma kupona: huduma ya unasihi jirani na Mwaloni

Nauza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Mwezi wa tatu nilichomwa na mwiba wa sato nikimparua nyumbani. Sisi wa samaki tunachomwa kila siku, na siku ya tano tumeshasahau. Hiki kidonda kilikaa wiki tatu: asubuhi kimefunga, jioni kinatoa maji. Juu yake mafua yasiyoisha na malengelenge mdomoni. Zahanati wakapima sukari, wakapima na virusi, kote salama. Muuguzi akanielekeza chumba cha mwisho, kwa mnasihi, mtu wa ushauri nasaha.

Elfu kumi kwa saa nzima. Niliona uchungu kulipia maongezi.

Dada yule hakuanza na kidole. "Mama, unalala saa ngapi?" Nikamwambia ukweli. Mvua zilinioshea dagaa chanjani, nikachukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, mume hajui. Saa nane usiku niko macho, nahesabu marejesho.

Akachora kwenye daftari. Ukipata hofu, mwili unatoa homoni ya kotisoli, na kwa muda mfupi inasaidia. Hofu ikikaa miezi, inazidhoofisha chembe nyeupe za damu, zile zinazotakiwa kukimbilia kidondani. Hata virusi vya malengelenge vilivyojificha kwenye mishipa ya fahamu vinapata mwanya. Akanisimulia utafiti wa Ohio, Marekani, wa mwaka 1995: wanawake 13 wanaouguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau, na 13 wasio na mzigo huo, wote walitobolewa jeraha dogo la kufanana mkononi. Wale wanaouguza walichelewa kupona kwa siku 9 hivi. Nililia pale pale. Wiki zote zile nilidhani ni uchafu wangu.

Hakuniachisha dawa, kidonda kiliendelea kusafishwa na kufungwa. Yeye alinisaidia kuandika madeni yote kwenye karatasi moja, na nikaenda kumwonyesha mume wangu. Usiku ule nililala mpaka adhana. Hudhurio la tatu, kidole kilikuwa kimefunga. Sisemi ni maongezi peke yake, ila elfu kumi zile sizijutii.

Kinachoniuma ni ukuta wa plaiwudi. Nikiwa benchini nilisikia habari zote za ndoa ya mwenzangu, nikajua na zangu zimesikika. Mtu analia mle ndani, jamani, waweke hata redio nje. Mpaka hapo, nenda Alhamisi kabla ya saa tatu. Jumanne ni kliniki ya watoto, benchi linajaa mpaka mlangoni.